Picha Tisa za Kiuno cha Budeba

Ukifika Mlandege, pale Iringa, ukamwulizia Bushiri Ahmadi, watu watakutazama tu. Bushiri yupi? Mlandege ina akina Bushiri wa kugawa. Ulizia Bwana Picha Tisa, uone. Utaoneshwa nyumba, utaoneshwa mlango, na hata kiti anachokalia jioni. Na usidhani jina hilo alipewa na adui. Alilileta mwenyewe kutoka huko Mbeya na Chimala, mdomoni mwake, na kila anaposimulia chanzo chake hucheka yeye kwanza, halafu hutikisa kichwa na kusema, "Mjinga mimi, jamani. Mjinga mwenye kalamu!"

Mwaka wa sabini na sita Bushiri alikuwa karani wa hati za malipo katika hospitali moja ya misheni upande wa Mbeya. Hospitali yenyewe tusiitaje, maana kosa halikuwa lake, lilikuwa la Bushiri peke yake, na hataki kugawana na mtu. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, suruali ya bugaluu, pana miguuni, ambayo Sista mkuu alikuwa amemkataza kuivaa kazini, na kalamu tatu mfukoni, moja tu ndiyo iliyoandika. Zile mbili zilikuwa za heshima.

Lakini kilichomvimbisha kichwa zaidi ni ulimi. Babu yake alikuwa Mzaramo aliyepanda bara kuuza nguo, akaoa Iringa, asirudi tena. Basi Bushiri, aliyezaliwa Mlandege na kuamkia baridi ya Iringa maisha yake yote, ambaye bahari aliiona mara moja tu, tena akatapika ndani ya pantoni, alijihesabu mtu wa pwani. Kiswahili kilikuwa mali ya urithi. Akina mama wa Kisafwa wakija dirishani na watoto mgongoni, mmoja akasema, "Mtoto yangu inaumwa," Bushiri huweka kalamu chini. "Mtoto wangu anaumwa, mama. Rudia." Na mama wa watu anarudia, mtoto naye analia. Siku hizi akifika hapo katika kusimulia huvua kofia akajifunika uso.

Sasa, hospitalini pale picha za eksirei zilikuwa kazi ya Bruda Tadeo, mzee wa Kibena mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Bruda alipiga picha, na Bruda mwenyewe alijaza ile sehemu ya hati inayohusu picha. Kampuni zilizolipia wafanyakazi wao zilitaka kujua zinalipia nini, kwa hiyo kila sehemu ya mwili ilikuwa na alama yake. Uti wa mgongo ulikuwa na herufi tatu. C ni shingo. T ni mgongo wa juu, nyuma ya kifua. L ni kiuno. Hati ilikuwa na vyumba viwili, kimoja kimeandikwa "Alama," cha pili "Idadi ya picha." Hakuna zaidi. Ni jambo la kueleweka hata na mtu mwenye usingizi.

Katikati ya Juni Bruda akapewa likizo, aende kwa dada yake huko karibu na Tosamaganga. Upigaji wa picha ukaachiwa Rozalia, muuguzi aliyemfundisha mwenyewe, na ujazaji wa hati ukaangukia kwa Bushiri. Kabla ya kuondoka Bruda akamwita.

"Keti, mwanangu, nikufundishe hizi alama."

"Bruda, herufi hizi nimeziona miaka mitatu. Nazijua."

"Na namba zake unazijua?"

Bushiri akacheka. "Namba? Bruda, mimi ni mtu wa hesabu. Namba ndizo zinanilisha."

Bruda akamtazama juu ya miwani, kama anayetaka kusema neno. Lakini basi la Iringa lilikuwa linamngoja barabarani. Akavaa koti lake akaenda zake.

Siku ya nne ndipo akaletwa Budeba Nkuba. Huyu alikuwa Msukuma wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mpole. Ndugu zake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao. Ng'ombe wake yeye wakafa kwa maradhi mmoja mmoja, naye akaenda kuomba ukuli kwenye kinu cha mpunga pale Chimala. Siku hiyo alikuwa anashuka kwenye lori na gunia begani, ubao ukakatika. Akakaa chini kitako, kwa nguvu, na gunia likamfuata. Walimleta amelazwa juu ya magunia matupu, anauma kola ya shati ili asipige kelele.

Rozalia akampiga picha mbili, moja amelala chali, moja amelala ubavu. Daktari akazitazama, akaandika kwenye karatasi: "L4, L5, zimepata ufa." Budeba akazungushiwa plasta kutoka kwapani hadi nyongani, akaambiwa asiinue kitu hata ndoo ya maji kwa miezi mitatu, na baada ya siku chache akarudishwa Chimala.

Karatasi ya daktari ikamfikia Bushiri. Hapo sasa! L, kiuno, hilo analijua. L4, kiuno, picha nne. Mkato. L5, kiuno tena, picha tano, bila shaka walimgeuza upande wa pili. Nne na tano? Akajumlisha mara mbili, juu kwenda chini na chini kwenda juu, maana alikuwa karani mwangalifu. Tisa. Akaandika "Tisa" kwenye chumba cha idadi, kwa mwandiko uliolala vizuri, akagonga mhuri. Hesabu haikuwa na kosa hata chembe, na hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

Wiki tatu zikapita. Bruda Tadeo akarudi Jumatatu, na Jumanne ikaja barua kutoka kwa meneja wa kinu, Ndugu Liberatus. Ilikuwa fupi.

"Ndugu, mgongo mmoja umepigwa picha tisa? Katika harusi ya mwenyekiti wetu wa tawi zilipigwa sita, na zilienea ukoo mzima. Tunaamini mfanyakazi wetu na karani wenu wamekula njama. Sasa hata huko kuanguka tunakutilia shaka. Kikao kitakaa Alhamisi saa nne. Tusipopata maelezo, Budeba Nkuba ataachishwa kazi na kutoka katika chumba cha kampuni siku hiyo hiyo."

Bushiri akawaka. "Washamba hawa! Hawajawahi kuona hospitali!" Akaichukua barua mbiombio mpaka chumba cha eksirei, akijua Bruda atamtetea. Bruda akaisoma mpaka mwisho. Akatoa bahasha ya Budeba, akazitandika filamu kwenye kioo cha taa.

"Hesabu."

"Mbili," akasema Bushiri. "Nyingine ziko wapi?"

"Nyingine zipi? Sogea hapa." Bruda akaweka kidole juu ya mfupa mmoja, mweupe, mnene. "Huu ni wa kwanza wa kiuno. Wa pili. Wa tatu. Huu ndio wa nne, na huu ndio wa tano. L nne, L tano. Ni majina yake, Bushiri! Ukiambiwa mtoto wa nne wa mzee fulani anaumwa, na wa tano naye anaumwa, utaandika watoto tisa?"

Halafu mzee wa watu akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani, akatafuta kiti, akakikosa, akakaa juu ya sanduku la filamu. Nje baridi ya Julai ilikuwa inakata masikio, lakini Bushiri alitokwa jasho mpaka kwenye viganja.

Bruda alipomaliza kucheka hakucheka tena. "Waandikie kwamba umekosea. Mtu atafukuzwa kazi na mgongo umevunjika."

Bushiri akaenda kuandika. Na angeandika hivyo tu, hadithi ingekwisha hapa, naye angeitwa Bushiri mpaka leo. Lakini mtu aliyezoea kusahihisha wenzake, mkono wake huwa mzito kuandika neno "nimekosea." Aliandika "ni," akasimama. Akachukua karatasi nyingine. Akaandika barua tamu, yenye mikato na vituo mahali pake, kwamba kutokana na hitilafu ya umeme picha saba kati ya tisa ziliungua, jambo ambalo ofisi inalisikitikia. Alijua kabisa Rozalia ataulizwa filamu saba zimekwenda wapi. Rozalia huyo huyo aliyemletea chai kila siku saa nne. Alijua, na hakuacha. Alikuwa anaisoma barua kwa mara ya tatu, aone kama kuna mkato umepungua, dirisha likagongwa.

"Hodi, bwana karani."

Ni Budeba. Alikuwa amesimama wima kupita kiasi, koti limefungwa juu ya plasta, vumbi la barabara kuu mpaka kwenye kope. Alikuja na basi kutoka Chimala, amesimama njia nzima, maana plasta haikumruhusu kukaa. Akitaka kutazama pembeni aligeuka mwili mzima, kama mlango.

"Shikamoo, mzee," akasema Bushiri, akaifunika ile barua kwa kiganja.

"Marahaba. Mimi sikuja kugombana. Meneja amenisomea barua, leo siku ya sita. Anasema picha yangu iko tisa. Mimi nakumbuka mbili. Nalala chali, moja. Nalala ubavu, mbili. Ile saba mlinipiga lini?"

Picha yangu iko tisa! Siku nyingine Bushiri angeweka kalamu chini. Siku hiyo hata hakusikia.

"Nilikuwa nimezimia?" Budeba akauliza. "Shemeji yangu kule Shinyanga alipigwa picha tatu, akafa. Tatu tu. Mimi tisa." Akasogea dirishani, akashusha sauti asisikiwe na waliokuwa kwenye mstari. "Bwana karani, wewe umeiona. Kama nakufa, niambie. Kashindye, mke wangu, nimemwambia afunge mizigo. Jembe nimempa jirani. Nataka nimfikishe kwa baba yake wakati miguu bado inatembea. Nisije nikamwachia maiti njiani, peke yake, pesa ya kuibeba hana."

Bushiri aliona aibu. Si ile ya kuchekwa. Mtu alikuwa ameishi siku sita anajua anakufa, amegawa mpaka jembe, kwa sababu yeye Bushiri alikuwa bingwa wa kujumlisha.

"Mzee Budeba, hufi! Haki ya Mungu hufi. Picha ni mbili. Nimekosea mimi kuandika."

Budeba akamtazama kwa huruma. Kwa huruma, jamani! "Ndivyo mnavyosema hospitali. Shemeji naye aliambiwa hivyo hivyo."

"Nakuapia!"

"Usiape. Kama ni kosa lako, njoo Alhamisi useme mbele ya meneja na mbele ya makuli wote. Hapo nitaamini. Mtu anasema uongo ili afiche aibu yake. Hasemi uongo ili ajivue nguo mbele ya watu."

Akaaga kwa heshima, akageuka mzima mzima, akarudi stendi. Bushiri akaichukua ile barua tamu, akaichana vipande, na vipande akavichana tena.

Alhamisi saa nne alikuwa Chimala, bahasha ya filamu kwapani. Alivaa koti lake la Idi, maana alidhani mtu akienda kuaibika ni afadhali aende amependeza. Kikao kilikuwa uani mwa kinu, kati ya marundo ya magunia. Ndugu Liberatus alikaa nyuma ya meza, wajumbe wa kamati ya wafanyakazi wawili kulia kwake, na makuli wamesimama wamejaa vumbi la pumba mpaka nyusi. Budeba alisimama ukutani. Langoni, upande wa nje, mwanamke mnene alikuwa amekalia fundo la nguo, na kando yake mkeka, sufuria mbili, na godoro lililoviringishwa. Bushiri akapita mbele yake akaangalia chini.

"Haya, karani," Liberatus akasema. "Tunakusikiliza."

Bushiri akakohoa. "Ndugu Meneja, na ninyi waheshimiwa mliohudhuria. Kwa kadiri ya taratibu za ofisi yetu, kumetukia mtatizo wa kimaandishi ambao kwa hakika..."

"Kwa Kiswahili, Ndugu," akasema Liberatus.

Makuli wakaangua kicheko. Yeye, mjukuu wa Mzaramo! Kwa Kiswahili! Maneno yote ya urithi yakamkimbia, akabaki na mawili tu.

"Nimekosea mimi."

Akazitoa filamu, akaziinua kwenye jua. "Picha ni hizi mbili. Nne na tano si hesabu ya picha. Ni mifupa. Daktari alitaja mfupa wa nne na wa tano, mimi nikajumlisha. Hivi vi... hizi... vijifupa hivi vinavyopangana..." Akatafuta neno. Akalitafuta juu, akalitafuta chini. Bwana mwenye lugha, neno hana!

"Pingili," akasema Budeba kutoka ukutani. "Kama ya muwa. Mgongo nao una pingili."

"Ahsante, mzee. Pingili! Pingili ya nne na ya tano za kiuno."

"Mimi sielewi," akasema mjumbe mmoja wa kamati. "Mgongo una namba? Nani ameziandika huko ndani?"

"Tuoneshe!" likapigwa kelele nyuma. "Tuoneshe kwako!"

Bushiri akamtazama Liberatus, akidhani meneja atawanyamazisha. Liberatus akakunja mikono, akangoja. Akamtazama Budeba. Budeba naye alikuwa anangoja, macho yamekazwa, na hakuna aliyekuwa anacheka katika uso ule. Basi Bushiri akavua koti la Idi. Akavua shati. Ndani ya shati kulikuwa na fulana yenye tundu la kupitisha ngumi, ambayo hakuwa amepanga kuionesha Chimala. Akaivua nayo. Akalala kifudifudi juu ya gunia la mpunga, tumbo linachomwa na mpunga, mgongo unapigwa na upepo, na kuli mmoja akachukua chaki ya kuandikia magunia.

"Anzia pale mbavu zinapokwisha," Bushiri akasema huku mdomo umekandamizwa kwenye gunia. "Mmoja."

Chaki ikagusa. Sasa, kuna jambo ambalo Bushiri hakuwa amelijua kuhusu nafsi yake katika miaka thelathini na mmoja. Mgongo wake una mnyeo. Kwenye pili akaanza kutetemeka. Kwenye tatu akacheka kama msichana. "Nne! Hiyo ndiyo... hihihi... L nne! Taratibu, ndugu yangu! Tano!"

Uani pakachafuka. Makuli walishikana mabega. Wajumbe wa kamati walilaza vichwa mezani. Na katikati ya vicheko sauti moja ikapaa, "Tano na nne ngapi, Bwana Picha Tisa?" Ndipo jina lilipozaliwa, hapo hapo, juu ya gunia.

Liberatus akafuta machozi kwa kiganja. "Lakini wewe mtu, si ungeandika barua tu?"

"Niliandika," Bushiri akasema, bado amelala. "Ilikuwa ya uongo. Nikaichana."

Vicheko vikapungua. Liberatus akamtazama kidogo, akavuta karatasi, akaandika huku akisoma kwa sauti: ajali ni ya kazini, Budeba Nkuba abaki kazini na chumbani kwake, awekwe langoni kuhesabu magari mpaka mgongo upone, na karani alete hati nyingine yenye picha mbili. "Mbili, Ndugu," akakaza. "Usizijumlishe na kitu."

Budeba hakuwa amecheka muda wote huo. Sasa akaja hatua kwa hatua mpaka kwenye gunia, akasimama juu ya mgongo ule uliochorwa chaki.

"Kwa hiyo ni mbili."

"Mbili, mzee."

"Na saba hazipo popote."

"Hazipo. Zilikuwa kichwani mwangu tu."

Budeba akautazama ule mgongo, mistari mitano, fulana yenye tundu imetupwa pembeni. Mabega yake yakaanza kutikisika, kisha plasta ikamkaba. "Aa! Aa! Usinichekeshe, kiuno!" Machozi yakamshuka, naye hakuyafuta. "Wewe ni mtu wa wapi, hasa?"

"Mlandege. Ila babu yangu alikuwa Mzaramo."

"Mzaramo! Mtani wangu!" Budeba akapiga kofi paja. "Ndiyo maana! Ulitaka kunizika mzima mzima ili ule ubwabwa wa matanga yangu!"

Akapumua, pumzi ndefu, ile ambayo mtu huishusha akifika kwake. Kisha akageuka polepole, yeye na plasta yake yote, akaelekea langoni.

"Kashindye! Fungua mizigo. Halafu nenda kwa jirani Ngolo, mwambie jembe langu nalitaka."